Mbu Kumi wa Mama Mmoja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kanyere aliteka maji katika shimo la baba yake. Usidhani lilikuwa shimo hivi hivi. Nyumba yao ya mbao ilikuwa katika mtaa wa Kyeshero, mjini Goma, juu ya lava iliyoganda miaka mingi iliyopita, na jiwe hilo jeusi halikubali jembe. Volkano ilipolipuka mwaka 2021, lava mpya iliharibu mabomba ya maji na bomba la mtaani kwao likakauka. Papa Julien, baba yake Kanyere, alikuwa mwashi na mtu wa kichwa kigumu. Alichukua nyundo na mtalimbo, akalichonga jiwe kwa wiki tatu mpaka akapata shimo la kumfika kiunoni. Akatandika ndani turubai, bashi kama wanavyosema Goma, akayaelekeza humo maji ya paa. Mvua iliponyesha, shimo lilijaa, na majirani wakaja kustaajabu. Walirudi makwao wakachonga ya kwao.

"Juu ya volkano hakuna potopoto wala tope, hakuna majani," aliwaambia kila mara, kifua mbele. "Njo maana hakuna mbu. Mayi yangu iko safi kupita ya ziwa!"

Lakini Benny, mdogo wake Kanyere mwenye miaka minne, alikuwa ameugua malaria mara mbili tangu Krismasi, ingawa alilala ndani ya chandarua kila usiku. Asubuhi moja ya mwezi wa nne, homa ilirudi kwa mara ya tatu. Kanyere alimkuta akitetemeka chini ya mablanketi mawili, midomo imemkauka, hata nguvu za kulia hana. Mama alimfunga mgongoni akaondoka naye kwenda kituo cha afya. Benny alikuwa mtundu, tena bingwa wa kuvunja kalamu za dada yake, lakini Kanyere alimpenda kuliko kitu chochote. Siku hiyo aliingia darasa la sita macho yakiwa mekundu.

Darasani alimkuta Mwalimu Viateur amesimama na mgeni, mwanamke mrefu aliyevaa miwani. Alikuwa Dokta Clotilde, mtafiti wa mbu. Mkononi alishika kitu kidogo mfano wa kiberiti, kimeunganishwa na kompyuta kwa waya.

"Hii mashine inasoma mbu," alisema. Darasa zima likacheka. Dokta naye akacheka. "Ni kweli! Ndani ya mwili wa kila mbu kuna maandishi. Yameandikwa kwa herufi nne tu, lakini ni marefu, herufi zaidi ya milioni mia mbili na hamsini. Maandishi yote pamoja tunayaita jenomu. Ukiyasoma, unajua mbu huyu ni wa aina gani, anatoka kwa mama gani, na kama dawa ya mustikeri, chandarua munacholalia, inaweza kumuua ao hapana."

Kanyere aliinua mkono. "Mama Dokta, ndugu yangu analala ndani ya mustikeri kila siku. Ju ya nini anagonjwa?"

"Njo ulizo lililonileta hapa," Dokta alijibu. "Labda mbu wa Kyeshero wamebadilika, dawa ya zamani haiwaui tena. Nikiweza kulionyesha jambo hilo, mutaletewa mustikeri mupya zenye dawa mbili. Lakini niko na wiki mbili tu. Vita inakaribia, na sijue ndege zitaendelea mpaka lini."

Wanafunzi sita walijitolea kumsaidia. Kila mmoja alipewa chupa ndogo kumi, kata nyeupe ya kuchotea maji na karatasi za kubandika. Dokta aliwafundisha kuwatambua viluwiluwi wa mbu wa malaria: hao hulala bapa juu ya maji, na wale wa mbu wengine huning'inia kichwa chini.

"Chupa moja, fasi moja, pahali pamoja," alisisitiza. "Muandike fasi ile mulipokamata. Kama hamukupata kitu, muandike hamukupata kitu. Hilo nalo ni jibu. Atakayekuwa wa kwanza kuleta chupa kumi zenye viluwiluwi hao, tutakaa naye kwenye mashine siku ya kusoma."

Kanyere aliapa moyoni kwamba mtu huyo atakuwa yeye. Alasiri hiyo alizunguka na kata yake. Alichungulia mifereji ya barabarani, matairi mabovu, na mashimo ya wachonga mawe. Maji mengi yalikuwa matupu, na pale alipopata viluwiluwi, walining'inia kichwa chini. Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Viatu vyake viliraruka kwenye lava, mvua ikamlowesha, na jioni alirudi nyumbani na chupa kumi zilizo tupu kabisa.

Kisha akainama shimoni ateke maji ya kupikia. Kwenye kona ya turubai, mahali jua hupiga mchana kutwa, viluwiluwi walikuwa wamelala bapa juu ya maji, wengi ajabu. Alichota kata moja tu, akajaza chupa zote kumi. Hapo angeweza kuandika ukweli, apate chupa moja na kuendelea kutafuta nyingine tisa. Lakini aliwaza ushindi. Mbu ni mbu, alijiambia. Akaandika Himbi, mtaa wa jirani, kwenye chupa ya kwanza, soko kwenye ya pili, kando ya ziwa kwenye ya tatu, akaendelea hivyo mpaka ya kumi. Shimo la baba yake hakulitaja popote. Angewezaje, na baba kila siku anawaambia watu kwamba halina mbu?

Kesho yake alikuwa wa kwanza, na darasa lilimpigia makofi. Siku tatu baadaye alikuja Byiringiro, mmoja wa wale sita, mvulana aliyekuwa amekimbia vita kutoka Kalengera pamoja na mama yake, na sasa walilala katika ukumbi wa parokia. Chupa zake mbili tu zilikuwa na viluwiluwi. Kwenye nyingine nane alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri, "Sikupata kitu."

"Weye ulikuwa unatafuta mbu ao ulikuwa unalala?" Kanyere alimtania, na wenzake wakaangua kicheko.

"Nilitafuta sana," Byiringiro alijibu taratibu. "Ila hawakukuwako."

Siku ya kusoma ilifika. Katika chumba kidogo huko Himbi, Kanyere alikaa kati ya Mwalimu Viateur na Dokta Clotilde. Herufi zilimiminika kwenye kompyuta kuliko jicho linavyoweza kufuata. Kanyere alijiona malkia. Kisha Dokta akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Haiwezekani," alisema. "Mbu hawa kumi wa Kanyere ni ndugu. Wote ni watoto wa mama mumoja! Sasa mama mumoja ametaga namna gani Himbi, sokoni na fasi zote hizi? Hapana. Mashine imeharibika. Labda ilitikisika katika ndege."

Alianza kuchomoa nyaya. "Nitairudisha Kinshasa kesho kutwa. Na kwa hali hii ya vita, sizani kama itarudi. Pole sana, Mwalimu. Mambo ya mustikeri mupya tuyaache kwanza."

Kanyere aliitazama mashine ikifungwa. Kunyamaza kulikuwa rahisi kabisa. Mashine ingelaumiwa, na mashine haina mdomo wa kujitetea. Hakuna mtu angejua kamwe. Lakini akilini alimwona tena Benny chini ya mablanketi mawili. Mashine ikiondoka, nani atajua kinachomuumiza?

"Mama Dokta," alisema, "usiifunge. Mashine ni nzima. Ni miye nilidanganya. Mbu wote nilikamata fasi moja, tena kata moja. Ni katika shimo ya papa."

Mwalimu Viateur aliinamisha kichwa. Kanyere alilia, aliona haya mpaka akatamani lava impasukie miguuni.

"Umenipotezea siku sita," Dokta alisema bila kupaza sauti. "Ningerudisha mashine nzima, na watoto wa Kyeshero wangeendelea kugonjwa. Unaelewa?"

"Naelewa, mama. Munisamehe."

Dokta akachukua kata yake. "Basi panguza machozi. Unionyeshe ile shimo."

Walimkuta Papa Julien uani. Alipoambiwa, aligeuka mkali. "Mbu? Kwangu? Madame, hapa ni juu ya volkano! Hakuna hata potopoto!"

"Papa Kanyere, huyu mbu hapendi potopoto," Dokta alijibu kwa heshima. "Anapenda mayi safi, yasiyotembea, yenye kupigwa na jua. Muangalie."

Alichovya kata nyeupe, akamsogezea. Papa Julien aliinama. Viluwiluwi zaidi ya ishirini walikuwa wamelala bapa, wengine wakishtuka na kuzama. Aliutazama mlango wa chumba alimolala Benny tangu arudi kutoka kituo cha afya, umbali wa hatua kumi tu, kisha akaiangalia mikono yake mikubwa ya uashi. "Kumbe miye njo nimechimba hii ugonjwa," alisema. "Kwa mikono yangu."

Kesho yake alfajiri, Kanyere alikwenda ukumbi wa parokia. Alimwomba Byiringiro msamaha mbele ya mama yake, kisha akamwomba amsaidie kukusanya viluwiluwi upya.

"Zile chupa zangu mbili," Byiringiro alisema, "hata miye nilipata katika mashimo ya bashi."

Basi wakajua pa kutafuta. Kutwa nzima walipita kwenye mashimo ya majirani, mmoja anachota na mwenzake anaandika. Waliandika kila kitu, hata "Sikupata kitu." Kabla ya jua kuzama walikuwa na chupa thelathini na moja, kila moja na jina la kweli la mahali pake.

Safari hii mashine ilipomaliza kusoma, Dokta Clotilde aliruka kutoka kwenye kiti. "Tazameni! Hawa ni wa mama mbalimbali, kama inavyopaswa. Na hapa, herufi hii moja imebadilika. Moja tu, kati ya milioni zote hizo! Njo inamufanya mbu akae juu ya mustikeri ya zamani bila kufa. Tumemukamata! Watoto, tumemukamata!" Mwalimu Viateur alipiga makofi mpaka miwani ya Dokta ikaanguka. Byiringiro na Kanyere walikumbatiana, wakacheza pale pale kati ya nyaya.

Ripoti iliondoka na ndege ya kesho yake, na baada ya wiki saba lori la vyandarua vipya likaingia Kyeshero. Papa Julien hakungoja lori. Jioni ile ile mashine ilipotoa jibu, alilifunikia shimo lake kifuniko cha mbao kisichopitisha hata sisimizi, kisha akabeba nyundo akaenda nyumba hadi nyumba. "Niliwadanganya bila kujua," aliwaambia majirani waliomwiga. "Sasa najua. Mulete mbao, nitawafunikia yenu bila malipo." Mashimo yote ya mtaa yalifunikwa.

Siku ya mwisho wa mwaka wa shule, wazazi walijaa uwanjani. Dokta Clotilde aliwaita mbele Kanyere na Byiringiro, akawapa kila mmoja kata nyeupe yenye jina lake. Makofi yalisikika mpaka barabarani.

"Watu wananiuliza ni mashine gani iligundua mbu wa Kyeshero," Dokta alisema. "Mashine inasoma tu. Inasoma kile tulichokiweka. Byiringiro aliandika 'Sikupata kitu' bila haya, na hiyo ni kazi ya mtafiti. Kanyere alikosa, lakini alisema ukweli wakati uongo ungemfaa zaidi. Watoto, mukikosa, museme mapema. Ukweli ukichelewa, kuna mutu anagonjwa."

Kanyere alirudi kwenye benchi lao, uso unawaka kwa furaha. Benny, ambaye hakuwa ameugua tangu mashimo yafunikwe, alikuwa magotini mwa baba yao, mashavu yamejaa. Mkononi alishika kalamu mpya ya dada yake, vipande viwili. Kanyere alivitazama vipande vile, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akambeba mdogo wake juu kabisa ili kila mtu amwone.