Jasusi Aliyezoea Kufa

Alhamisi, tarehe kumi na sita Februari, mwaka wa 2023, saa saba mchana, nilimkanyaga mke wangu kifuani kwa buti la plastiki na watu wote wakacheka. Siku hiyo ndipo mambo yangu yalipoharibika. Mengine ninayoyasema hapa niliyajua baadaye, wakati kuyajua hakusaidii kitu.

Tulikuwa ndani ya korongo la Marafa, kule Magarini. Wakubwa wa kampuni ya filamu waliuona ule udongo mwekundu wakasema hii ni sayari ya Mirihi, hakuna haja ya kwenda mbali. Mchezo wenyewe ulikuwa wa televisheni, wa kuchekesha. Vikosi viwili, wekundu na samawati, vinalinda kisima kisicho na maji, na hakuna anayekumbuka vita vilianzia wapi. Mimi nilikuwa koplo wa wekundu. Mke wangu Ruqaiya alikuwa jasusi wa samawati, na ujanja wake ni kujifanya amekufa ili aibe ramani zetu. Kila kipindi anaanguka, namwekea mguu kifuani, namuuliza, "Jasusi, leo umekufa kweli au waniigizia?" Naye hujibu kwa sauti ya usingizi, "Ngoja kwanza, sijamaliza kufa." Malindi nzima ilikuwa ikiyasema maneno hayo.

Tulikutana sokoni mwaka mmoja nyuma. Mimi shule niliiachia darasa la sita. Kazi yangu ilikuwa kukata mapipa ya plastiki, na kampuni ikaniagiza niyakate yawe helmeti za askari wao, baadaye ikanitia mimi mwenyewe mchezoni. Katikati ya kelele za wauza samaki akaja binti wa buibui jeusi lenye nakshi ya fedha mikononi, harufu ya udi imemtangulia, ameishika helmeti ya samawati kama chungu kinachovuja.

"Fundi, hii ulimkatia nani? Mtandio wangu hauingii."

"Vua mtandio."

"Vua wewe shati, tuone kama soko litanunua."

Nilicheka mpaka msumeno ukanitoka mkononi. Nikamkatia nyingine, pana, ya kufunika uso wote, nikaifunga shingoni kwa skrubu nne isije ikamtoka.

Baba yake, Mzee Abdulqadir, muuza vitambaa, hakutaka uso wa binti yake uonekane kwenye televisheni. Ruqaiya akamwekea ile helmeti mezani, akamwambia hili nalo ni buibui, ila la plastiki. Mzee akaruhusu. Nami nilipokwenda kuposa hakuniuliza mengi. Alinambia, "Maadamu wewe ndiye uliyemsitiri, mchukue."

Wakubwa walikuwa na sheria yao: wekundu na samawati wasile pamoja wala wasizungumze kazini, ili uadui uonekane wa kweli. Hata sisi mtu na mkewe. Basi wakati wa chakula nilikuwa nampigia simu, na yeye yuko hatua hamsini, namwona.

"Koplo hapa. Adui wanakula nini?"

"Wali wa nazi na samaki wa kupaka. Jisalimishe, laazizi, nikubakishie kichwa."

Mwezi wa Januari Ruqaiya akaanza kwenda Kilifi kila Jumatatu. Nikimuuliza, anasema jasusi haulizwi safari zake. Halafu Ngumbao, mwekundu mwenzangu, akanambia amemwona huko na Rashad, kapteni wa samawati. Nikaamini. Nikanuna siku tatu, tunalala kitanda kimoja kama vikosi viwili.

Ukweli ni kwamba Rashad alimsindikiza kwa daktari. Moyo wake ulikuwa dhaifu, na daktari aliandika barua kwamba asikae juani wala asivae kitu cha kumbana pumzi. Mimi alinificha kwa sababu alijua ningemtoa, na ule mchezo aliupenda. Barua alimpa dairekta wa mchezo. Dairekta akaisoma, akaitia mfukoni, akamwambia zimebaki siku mbili tu za kupiga picha, avumilie.

Alhamisi ile Ruqaiya alivunja sheria. Alivuka upande wetu na suti yake ya kung'aa, helmeti kwapani, akasimama mbele yangu.

"Mume wangu, najisalimisha. Rashad kanipeleka kwa daktari, basi. Ukitaka kununa, nuna na sababu."

"Daktari wa nini?"

Dairekta akaita kwa kipaza sauti kila mtu mahali pake.

"Nitakwambia nikishafufuka," akasema. Akavaa helmeti, akanipa bisibisi, akainama.

Skrubu zote nne nilizikaza mimi, kwa mkono wangu, huku nacheka kwa furaha kwamba tumepatana. Bisibisi nikairudisha kwenye sanduku la vifaa, ndani ya gari la kampuni.

Akaanguka. Hajawahi kuanguka vizuri vile. Nikaweka mguu, nikauliza. Kimya. Dairekta akanizungushia kidole: rudia, inapendeza. Nikarudia. Askari wakacheka ndani ya helmeti zao. Nikarudia mara ya tatu, na hapo nikahisi kwamba chini ya buti langu hakuna kinachopanda wala kushuka.

Nikapiga kelele niletewe bisibisi. Gari lilikuwa limekwenda Malindi kuwachukulia wakubwa chakula chao. Skrubu nilizifungua kwa kucha na kwa jino la mkanda, moja baada ya moja. Tatu zilitoka upesi.

Kwenye matanga dairekta alikuja na kanzu mpya. Mzee Abdulqadir hakumgombeza. Alimuuliza jambo moja, dairekta akanitazama mimi, mimi nikamtazama Rashad. Kamera haikuzimwa siku ile, yenyewe inajua. Lakini wakubwa wanasema picha ni mali ya kampuni. Nimekwenda ofisini kwao mara kumi na moja. Wananiweka kwenye benchi, wananambia mwenye uamuzi hayupo.

Kila Ijumaa baada ya sala napita dukani kwa mkwe wangu. Ananitilia kahawa, anakunja vitambaa vyake, halafu ananiuliza swali lile lile la matangani, taratibu, kama ndiyo kwanza limemjia:

"Mwanangu, tangu alipoanguka hata mkamvua ile helmeti, ilipita muda gani?"