Ukuta Uliopakwa Ukiwa Mbichi

Alhamisi, saa nane mchana, fundi rangi alimaliza kupaka mkono wa pili wa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa chumba chake. Ukuta ulikuwa bado na maji ndani.

Bomba la ghorofa ya juu lilikuwa limepasuka siku sita kabla. Kwa wateja, fundi huyu hakuwa na mzaha: bandua plasta iliyolowa, fungua madirisha, subiri wiki tatu, ndipo uguse brashi. Lakini mkewe alikuwa anatoka hospitali kesho yake na mtoto wao wa kwanza, baada ya mimba mbili kuharibika. Hakutaka waione kuvu iliyoota ukutani. Aliifuta kwa kitambaa, akaifunika kwa rangi.

"Umejitahidi, mume wangu," mkewe alisema walipofika. "Ila mbona pananuka kama nguo zilizosahaulika kwenye ndoo?"

"Ni rangi hiyo."

"Rangi ya vyura, labda."

Wakacheka.

Jumapili mchana mama mkwe alikuwa amempakata mjukuu, mgongo ukutani. Aligeuka, akabandika sikio ukutani.

"Baba, njoo," alimnong'oneza fundi. "Weka sikio hapa."

Ukuta ulikuwa unapumua. Ulivuta pumzi mtoto alipovuta, ukashusha aliposhusha, na mtoto alipopiga chafya rangi ilitutumka kwa ndani, ikafanya uvimbe wa ukubwa wa ngumi, kisha uvimbe ukapasuka nchani na kunywea polepole, ukitoa harufu ya kinywa cha mtu aliyelala muda mrefu bila kuamshwa.

Mganga alikuja Jumanne. Hakufungua mkoba. Alikwaruza rangi kwa ukucha, akanusa.

"Nani aliziba hapa?"

"Mimi, mzee."

"Jini la maji huja na maji, yakikauka linakwenda zake. Wewe umelifungia bila hewa. Limeazima pua iliyokuwa karibu."

"Basi nabomoa sasa hivi."

"Gonga kidogo kwanza. Kidogo tu."

Nyundo ilipogonga, mtoto aliacha kupumua. Mama yake hakupiga kelele; alimtikisa, akamtikisa tena, akimwita "mwanangu, mwanangu" kwa sauti ya chini huku midomo ya mtoto ikigeuka rangi, hadi fundi alipotupa nyundo na kuukandamiza ufa kwa viganja vyote viwili, na mtoto akakohoa, na nyuma ya viganja vile kitu nacho kikakohoa. Walipojaribu kumtoa nje, alikata pumzi kizingitini. Wakamrudisha.

"Tufanyeje, mzee?" mama mkwe aliuliza.

"Sijui, dada yangu." Mganga alitafuta viatu vyake, akaondoka.

Kisha jua likawaka siku kumi mfululizo. Ukuta ulianza kukauka wenyewe, kuanzia juu. Muuguzi aliyeitwa nyumbani kwa mara ya pili wiki ile alisikiliza kifua cha mtoto, akasema pumzi zimekuwa fupi kuliko juzi, na mtoto apelekwe hospitali leo hii. Wazazi walitazamana. Kisha wakatazama kizingiti.

"Amelala?" mke aliuliza muuguzi alipoondoka.

"Anahema bado."

"Na huo?"

Fundi alipapasa ukuta. "Umebaki unyevu chini tu. Kimo cha goti. Na pumzi zake zinashuka nao."

Jumatatu, saa tatu asubuhi, jirani wa mlango wa pili alipita dirishani pao. Alimwona fundi rangi amesimama juu ya stuli, akimimina maji kwa kopo pale ukuta unapokutana na dari. Mkewe alikuwa anampokeza ndoo.