Gia za Pikapu ya Wahu

Mwaka wa 1987, Wahu aliishi Waithaka na mumewe, Mungai, na mtoto wao, Mwendwa. Kila asubuhi alichukua nyama ya mbuzi kichinjioni Dagoretti, akaipeleka kwa pikapu yao hadi kwa wachoma nyama wa Kenyatta Market. Wahu ndiye aliyeendesha, na aliipenda kazi hiyo.

Kisha gia zikaanza kusumbua. Ya kwanza iligoma kuingia. Rivasi ilikwaruza, krrr! Watu sokoni wakageuka kutazama.

"Unaua giaboksi!" Mungai, aliyekuwa naye siku hiyo, alimfokea mbele ya wateja. "Kanyaga klachi mpaka chini."

"Nakanyaga, Baba Mwendwa."

"Hukanyagi. Nitatafuta dereva mwanamume."

Wahu alishusha nyama huku machozi yakimlengalenga. Siku zilizofuata akaanza kujitilia shaka. Labda kweli mguu wake ulikuwa na kosa.

Jumamosi moja walikuwa pamoja tena garini. Pikapu ikakataa gia kabisa karibu na soko. Watu wakawasaidia kuisukuma hadi gereji ya Bwana Rajinder, fundi aliyezoea kununua nyama kwa Wahu.

Wahu, akiwa bado kwenye usukani, alikuwa akiivuta gia kwa nguvu.

"Usiilazimishe, Mama Mwendwa," fundi alisema. "Vuta breki ya mkono. Zima injini, halafu ingiza gia zote."

Zote ziliingia vizuri.

"Sasa washa. Kanyaga klachi, jaribu rivasi."

Krrr!

"Mmesikia? Injini ikizimwa, gia zinaingia. Ikiwaka, zinakataa. Basi angalieni klachi kwanza. Haiachii. Injini bado inazungusha giaboksi. Kama zingekataa hata injini ikiwa imezimwa, ningeangalia vyuma vya gia, au giaboksi yenyewe."

"Ni mimi sikanyagi vizuri?" Wahu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Unakanyaga mpaka chini. Nimekutazama. Hebu kanyaga na kuachia, haraka haraka, kisha jaribu gia tena."

Wahu akafanya hivyo. Gia ikaingia!

"Basi oili ya klachi imepungua, au imeingia hewa."

Akafungua boneti. Kichupa cha oili kilikuwa karibu kikavu. Akaingia chini ya gari, akatoka na vidole vilivyolowa.

"Silinda ya chini, ile inayosukuma klachi, inavuja. Mpira wake umekwisha."

"Si tuongeze oili tu?" Mungai aliuliza.

"Itavuja tena. Na usije ukatia oili ya injini, itaharibu mipira yote. Klachi hii hutumia oili ya breki."

Fundi akaweka mpira mpya, akajaza oili. Kisha wakatoa hewa. Wahu alikanyaga na kushikilia, fundi akalegeza nati ya kutolea hewa na kuikaza, tena na tena, mpaka oili ikatoka bila povu.

Wahu akaendesha hadi sokoni, akaingia kinyumenyume katikati ya vibanda. Hakuna aliyegeuka.

Mungai akamgeukia. "Mama Mwendwa, nilikukosea. Tena mbele ya watu."

"Basi waambie hao watu."

Mungai akashuka. Akaenda kibanda kwa kibanda, akiwaambia.