Hata Hodi Hupigi

"Rudia ulichomwambia bosi!"

Mwiba, jina alilobatizwa ofisini kwa ukali wake, aliziba mlango wa chumba cha mikutano. Mchumba wake, yule waliyemwita Profesa, akajifanya anakunja waya wa projekta.

"Mpenzi, si hapa..."

"Hapa hapa! Mfumo wangu wa tiketi ni takataka, utupwe?"

"Nimesema lugha yangu ya programu ni safi zaidi. Ukishaweka kitu, hakibadiliki. Kwako kila mtu anachokoachokoa."

"Na hiyo safi yako imekaa juu ya nini? Juu ya yangu! Wakizima yangu, yako itapumulia wapi?"

Profesa akauweka waya chini. Kila alichoandika kilipita kwenye daraja la Mwiba, programu iliyounganisha lugha yake na mfumo wa tiketi. Dada wa watu alikesha akiivalisha kazi yake ya zamani sura ya lugha ya Profesa, ili jamaa asihangaike. Naye Profesa akazoea kuingia kwenye mfumo huo kama kwake.

"Hata hodi hupigi!" Mwiba aliwaka. "Timu yangu ikitaka kitu kwako inakutana na vioja vitupu, inarudi imenuna. Umewahi kutujengea njia?"

"Hukuniomba."

"Wewe uliniomba?"

Akavua pete, akaibwaga juu ya kompyuta ya Profesa.

"Basi kaoe hiyo lugha yako!"

Mchana kutwa simu ya Profesa haikupokelewa. Jioni, Mwiba akiwa nyumbani kwake, ukaingia ujumbe:

"Nimemwambia bosi ukweli mbele ya wote. Daraja ni lako, mfumo wako haung'oki. Nimekutumia kazi, ifungue."

"Sifungui upuuzi," Mwiba alijibu.

Akafungua. Alitaka tu kupata la kumtukania.

Lakini ilikuwa kazi ya Profesa iliyoandikwa kwa namna ya kina Mwiba: majina wanayoyatumia wao, makosa yakiripotiwa kama walivyozoea. Kitu kikikosekana, hakuna fumbo, unaambiwa kimekosekana. Mwiba alisoma mpaka mstari wa mwisho. Hasira ikabaki, ila haikujua pa kushika.

Akampigia.

"Umeharibu mpangilio wa tarehe."

"Lazima niharibu, mama. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuandika kama ninyi."

"Miaka yote hiyo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwangu. Nisamehe."

Simu ikakatika. Mara mlango ukagongwa, taratibu, kama wa mgeni.

"Hodi..."

Mwiba akafuta machozi kwa kiganja.

"Subiri huko huko! Bado nina hasira."

"Nasubiri."

Akamwacha asimame kidogo. Kisha akaenda kufungua, kidole cha pete kikiwa kimenyooshwa.