Sauti ya Wifi Rael

Vifaranga walikuwa mia mbili ndani ya boksi, wanasukumana, wanapanua midomo, na hakuna hata mmoja aliyelia.

"Mbona wamenyamaza hivi?" Joyline aliuliza.

"Si wameshiba," alisema kaka yake, Machuki, akacheka peke yake.

Joyline aliuza chakula cha kuku Oyugis. Alikuwa amekuja Uriri kwa sababu Machuki alimsihi kwa simu mara tatu waunganishe biashara: yeye aangue, dada auze. Sifa zake zilikuwa zimeenea hadi Migori mjini. Kwa Machuki, walisema, hakuna yai linaloharibika. Hilo ndilo lililomtia Joyline wasiwasi. Tangu lini mayai mia yakaanguliwa yote mia?

Rael, mke wa Machuki, alileta chai, akaweka vikombe bila salamu. Rael huyu, mwimbishaji wa kwaya, ambaye ungesikia kicheko chake ukiwa bado barabarani!

"Koo linamsumbua tangu Agosti," Machuki alijibu kabla hajaulizwa.

"Haya. Basi tuandikiane mkataba."

"Mkataba wa nini, na sisi ni damu moja? Ingia tu chumba cha mashine ya kuangulia, useme kwa sauti: nimekubali. Ni hivyo tu."

Akatoka kwenda kufungua kufuli. Papo hapo Rael alimshika wifi yake mkono, akauweka kooni mwake, akaachama kama anayepiga mayowe. Koo halikutikisika. Kisha, kwa kidole, akaandika kwenye vumbi la chakula cha kuku lililotanda mezani: NILISEMA.

"Joyline, njoo!"

Alifika mlangoni, na ingawa jua la saa sita lilimchoma mgongo, ndani mlikuwa na giza lenye harufu ya manyoya yaliyoungua, na humo gizani mayai yote yaligongwa kutoka ndani kwa pamoja, ko, ko, ko, kama moyo mmoja mkubwa, na nyuma ya mashine kitu kirefu kuliko mlango kilikuwa kimeinama, kinavuta pumzi kuelekea mdomo wake, kinangoja.

"Sema, dada," Machuki alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Usiposema, kitachukua sauti yangu."

Joyline aliuma midomo. Kaka huyu ndiye aliyemlipia karo. Akatikisa kichwa, akamkamata Rael mkono, wakakimbia hadi barabarani bila kugeuka.

Siku ya tatu, wakichambua maharagwe jikoni Oyugis, simu ililia. Namba ya Machuki. Joyline aliipokea, akaiweka kwenye spika.

"Wifi, hujambo?" Ilikuwa sauti tamu, yenye kicheko ndani yake. Sauti ya Rael. "Kaka yako hawezi kuongea leo. Lakini tumefika. Utatukaribisha, ama?"

Joyline alifungua mdomo bila kujua. Rael aliruka, maharagwe yakamwagika, akamziba kwa mikono yote miwili.

Nje, kwa sauti ya Machuki, mtu akapiga hodi.