Walikuja Kuniosha, Nami Bado Napumua

Nina miaka ishirini na mbili, naishi hapa Bunia, na watu wa kwetu wamenililia matanga mara moja tayari. Hapana, sijarukwa na akili… Nisome mpaka mwisho, hasa wewe mzazi ambaye mwanao anaingia chuo kikuu mwaka huu.

Tulihamia hapa kutoka Butembo nikiwa mdogo. Baba alikuwa na duka la misumari na mabati. Alifariki ghafla nilipokuwa shule ya msingi. Sura yake siikumbuki vizuri, lakini matanga yake nayakumbuka yote! Chama cha watu wa kwetu waishio Bunia kilikuja kizima. Turubai, viti, masufuria, ng'ombe, jeneza lenye vishikio vya kung'aa. Mama hakununua hata kijiti cha kiberiti.

Tangu siku hiyo mama alikiamini chama kile kama wengine wanavyoamini sala. Aliuza maharage sokoni, akiyafuata mwenyewe mpaka mji mdogo wa Iga Barrière. Chumvi ingeweza kukosekana nyumbani kwetu, lakini mchango wa chama haukukosekana.

Nikakua, nikamaliza shule, nikapata nafasi chuoni. Wiki ya kwanza tu alikuja bwana mmoja wa mutuelle ya afya, yaani bima ya kuchangiana, kuzungumza na sisi wanafunzi wapya. Alitueleza kwamba unachanga mwanzoni mwa mwaka, unasubiri miezi mitatu, kisha unapata kadi yenye picha yako. Ukiugua, unaanza kwenye kituo cha afya cha mtaani. Wakishindwa, wanakutuma hospitali, na hospitali inakupokea bila kukudai dhamana, yaani pesa za kutanguliza, mlangoni.

Waliokaa nyuma walicheka. Mimi pia nilicheka. Una miaka kumi na tisa, unaugua nini?

Rafiki yangu Afoyo, binti wa mvuvi kutoka upande wa Mahagi, hakucheka. Alijiandikisha siku ile ile. Kwao walikuwa wamewahi kuzuiwa mlangoni mwa hospitali wakiwa na mtoto mgongoni, na jambo kama hilo halisahauliki.

Nilipomweleza mama, hakupendezwa hata kidogo. "Iko mubaya, Masika," alisema. "Kulipia bugonjwa yenye haiyafika, ile ni kuiita."

Baba mdogo Paluku alikuwapo. Ni mdogo wake marehemu baba, na ndiye aliyekuwa mtunza hazina wa chama. Alitutazama kama watu wanaotafuta maji huku mto unapita mlangoni kwao. "Mutuelle ya nini? Chama iko. Mulisha kuona mutu wetu anatupwa? Baba ya huyu mutoto, nani alimuzika?"

Mama akanigeukia. "Weye njo ulisoma. Weye chagua."

Uwezo wetu ulikuwa wa kitu kimoja: kadi ya mutuelle, au kuniandikisha mimi kuwa mwanachama kamili wa chama. Nikachagua chama. Na mnajua kwa nini? Kwa sababu Jumapili ile kwenye kikao walinisimamisha mbele ya watu, binti wa chuo kikuu, wakanipigia makofi, wakanipa kiti mstari wa kwanza pamoja na wazee. Kiti tu! Sikuuliza swali hata moja.

Mwezi wa nne wa masomo, homa ya matumbo ilipita mtaani kwetu. Ilianza na Afoyo. Alienda kituo cha afya na kadi yake, wakamtuma hospitali, akatibiwa mapema, akarudi darasani amekonda lakini anacheka. Halafu ikaja kwangu.

Sikuwa na kadi, basi nilienda duka la dawa nikanunua vidonge vya malaria. Nikapata nafuu kidogo, homa ikarudi. Nikanunua vingine. Ndivyo wengi wetu tunavyofanya, tunajipima wenyewe kwa mkono kwenye paji la uso… Siku tumbo lilipokuwa gumu na sikuweza tena kusimama, mama alinipakia kwenye pikipiki, akakaa nyuma yangu amenikumbatia, tukaenda hospitali.

Daktari alisema utumbo umetoboka. Nipasuliwe siku hiyo hiyo. Lakini kwanza dhamana.

Mama alikimbia kwa rais wa chama. Yule mzee alimpokea vizuri, akampa kiti, akamweleza kwa upole. Kwa mgonjwa, chama kinapeleka wageni, sabuni na sukari. Kwa maiti, kinatoa kila kitu, tena siku hiyo hiyo. Ilikuwa hivyo tangu zamani, na hakuna aliyewahi kulalamika. Na nani alalamike? Maiti?

Mama alirudi hospitali mikono mitupu. Baba mdogo Paluku alimvuta pembeni, karibu na bomba la maji. Maneno yake mama alinisimulia baadaye, akiwa ameinamisha kichwa: "Batu yetu haichangiake mugonjwa. Inachangiaka maiti. Tuseme mutoto amekufa."

Mama alikataa. Kwetu kifo hakitajwi ovyo. Wazee walisema kifo kikiitwa kinakuja, na kikija hakirudi mikono mitupu. Alikataa mara ya pili pia. Kisha akaingia ndani kunitazama, akaona tumbo langu linavyozidi kupanda, akatoka na kuitikia kwa kichwa.

Habari zikasambaa kwa simu. Kabla jua halijazama, turubai lilikuwa limeshasimama uani kwetu. Mama akaketi kwenye mkeka, miguu mitupu, kichwa wazi, akalia. Alilia kwa kweli, kwa sababu hakujua kama anasema uongo. Watu wakatoa, na walitoa sana, kwa moyo safi! Baba mdogo akachukua, akapeleka hospitali, nami nikaingizwa chumba cha upasuaji.

Asubuhi nilifungua macho… Kando ya kitanda changu walisimama wanawake wa kwetu. Wana mabeseni, sabuni mpya, na kitenge cha maua ya manjano ambacho bado kilikuwa kimekunjwa kama kilivyotoka dukani. Kwetu maiti haioshwi na mtu wa chumba cha maiti, inaoshwa na wanawake wa nyumbani. Walikuwa wamenitafuta huko kwanza, wakanikosa. Kisha muuguzi mmoja aliyesikia jina langu akawaelekeza wodini.

Niliwatazama, nikaamini kwamba nimekufa. Nilitaka kuwaambia maji yasiwe baridi.

Mmoja aliangusha beseni. Wengine walitoka mbio, kanga zikiwafunguka. Alibaki mkubwa wao, Mama Kahambu, akaweka mkono wake juu ya kifua changu mpaka alipousikia moyo. "Yesu wangu," alisema polepole. "Huyu anapumua." Akaacha kile kitenge miguuni pangu, akaenda.

Nilipona. Je, hiyo haikutosha? Haikutosha.

Chama kiliitisha kikao. Baba mdogo Paluku alisimama mbele ya watu wote akaapa kwamba yeye pia alidanganywa, kwamba shemeji yake ndiye aliyempigia simu akilia kuwa Masika amekufa. Mama alimtazama tu. Yule ndiye mkubwa wa ukoo aliyetubakia, angemwumbuaje hadharani? Wakamtoa mama katika chama. Baba mdogo akabaki na cheo chake.

Kuanzia hapo watu wa kwetu hawakununua tena maharage ya mama. Walipita meza yake wakitazama upande mwingine. Wengine waliogopa hata kunishika mkono mimi, na watoto wao wakaniita mufu.

Nilijiunga na mutuelle, nikamwomba mama ajiunge pia. Alikataa katakata. Alikuwa ameanza kuwa na tabia mpya: katikati ya kazi anasimama, anageuza shingo mlangoni kama anayesikiliza hatua za mgeni. "Tuliita kitu, Masika," aliniambia siku moja akichambua maharage. "Iko njiani." Nilimwambia ni mawazo tu. Alitikisa kichwa, akaendelea kuchambua.

Presha ilimwangusha sokoni mchana kweupe, katikati ya magunia yake. Nilipofika kutoka darasani, mkono wake ulikuwa umeshapoa.

Nilimpigia simu baba mdogo. Akasema, "Ngoja, kikao njo itasema." Nikangoja. Jibu lililetwa na mtu ambaye hakutaka hata kuketi: "Matanga ya nyumba ile ilisha kufanyika."

Hakuna turubai. Hakuna kiti hata kimoja cha watu wa kwetu! Walikuja Afoyo na wenzangu wa darasa, na waimbaji wa parokia ambao mama hakuwajua kwa majina. Jioni aliingia Mama Kahambu, peke yake, amebeba lile beseni lake. Hakusalimia. Tulimwosha mama sisi wawili, kwa maji ya uvuguvugu. Nilipofungua sanduku nikitafuta nguo inayomfaa, nilikuta kitenge kimoja tu kipya. Cha maua ya manjano… Tukamvika hicho.

Wasomaji wenzangu, siwalaumu watu wa kwetu kwa kuzika vizuri. Kuzikwa vizuri ni heshima, na baba yangu aliipata. Lakini mtoto wako anapoanza chuo, usimchagulie bima kwa makofi, wala kwa neno la shemeji, wala kwa hofu kwamba kulipia ugonjwa ni kuuita. Sisi tuliogopa kuita ugonjwa, tukaishia kuita kifo kwa midomo yetu wenyewe.

Waulize wanaotaka mchango wako swali ambalo mimi nilishindwa kuuliza nikiwa kwenye kiti changu cha mbele: mtoto huyu akiugua, angali anapumua, mtamfanyia nini? Na wakianza kukueleza jinsi wanavyozika, mshike mwanao mkono, mwondoke.