Sentensi Ambayo Hakuisema

Duka la kuchapia lililotazamana na lango la chuo lilijaa wanafunzi hadi kwenye ngazi. Mashine ilikuwa moja, na karatasi za msichana mwenye gauni la kijani zilitoka zimechanganyika na za mtu mwingine: katikati ya maswali yake ya historia kulikuwa na mistari ya programu ya kompyuta.

"Samahani dada, hizo zangu," alisema kijana mrefu, shati lake la samawati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. "Isipokuwa kama na wewe unafundisha mashine kusoma."

"Mimi nafundisha watu. Ndio wagumu."

Ikabainika wote wawili walikuwa wanakwenda shule moja ya sekondari, kwa mpango wa chuo wa kuwalea wanafunzi wadogo kitaaluma. Msichana angewaonyesha namna ya kukusanya masimulizi ya wazee. Kijana angewasaidia kutengeneza programu ya kuyasoma kwa sauti, ili wasioona wayasikie. Jumamosi baada ya Jumamosi waligawana ubao mmoja. Msichana alimwita kijana Fundi, naye kijana akamwita Profesa, na kabla muhula haujaisha walikuwa wanapigiana simu kila jioni.

Katika simu mojawapo Profesa alisikia mwanamke.

"Nani huyo?"

"Nani?"

"Anayeongea nyuma yako. Taratibu hivyo, kama anabembeleza mtoto."

"Aa, redio hiyo."

"Iongeze basi nami nisikie."

"Nimeshaizima, mpenzi. Umekula?"

Alikuwa amekula, na Fundi alilijua hilo. Alikuwa amemwambia dakika chache tu kabla. Mwenzake Profesa wa chumbani, aliyekuwa akijifumua nywele mbele ya kioo, hakumsaidia.

"Redio gani inazimwa ukiuliza ni nani? Shoga, juzi nimepita maabara ya kompyuta. Mlango umefungwa, ndani mwanamke anaongea. Sikutaka tu kukuumiza. Dalili ya mvua ni mawingu."

"Mawingu si ushahidi," alisema Profesa, akatafuta viatu vyake.

Mlango wa maabara ulikuwa umerudishiwa tu. Ndani, mwanamke alikuwa akisema kwa upole, "Njoo ukae karibu yangu, nikusimulie." Profesa akausukuma.

Fundi alikuwa peke yake mbele ya skrini. Sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa ya Profesa mwenyewe: ile pumzi anayovuta kabla ya neno refu, ule ukwaruzo ambao hajaupenda tangu utotoni. Sentensi ile hakuwahi kuisema maishani mwake.

Laiti angemkuta mwanamke. Kwa mwanamke angejua la kufanya.

"Umeipata wapi?"

"Ujumbe wa sauti ulionitumia. Niliipa kompyuta, ikajifunza kuongea kama wewe. Programu ya wanafunzi haikuwa na sauti, nikataka nikushtukize siku ya maonyesho."

"Ulisema redio."

"Ningesema nini? Ungejua."

"Kila Jumamosi nawaambia wale wanafunzi, hata bibi yako mzaa mama usimrekodi mpaka akubali. Wewe muda wote huo ulikuwa unapanguza ubao?"

Fundi alizima spika.

"Nani mwingine ameisikia?"

"Hakuna."

"Ifute."

Akaifuta.

"Na ya kwenye simu."

Akaifuta.

"Iko nyingine?"

"Hakuna."

Profesa hakujua kompyuta kiasi cha kuhakiki. Mkononi alibaki na neno la mtu aliyekwisha kumdanganya kwamba ni redio.

Wiki nzima hakupokea simu zake. Jumamosi alikwenda shuleni kwa ajili ya wanafunzi, akakaa nyuma kabisa. Fundi alisimama mbele, shati limejikunja.

"Maonyesho yamekaribia na programu yetu haina sauti," alisema. "Ilikuwa nayo. Niliichukua kwa dada yenu yule bila kumwomba, halafu nikamdanganya. Nimemweleza msimamizi wa mpango. Huenda akaniondoa."

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Sasa kaka, si ungemwomba tu? Mbona hana roho mbaya."

"Niliogopa angekataa."

"Na si ndiyo amekataa?"

Darasa likaangua kicheko. Fundi aliinamisha kichwa, akasubiri wamalize.

Profesa alilipima jambo lile kama anavyopima masimulizi ya shahidi yeyote. Hakuna aliyemlazimisha kusema, na kusema kungeweza kumpotezea nafasi yake. Hilo halikuthibitisha kwamba nakala zimekwisha. Lilithibitisha kwamba anaweza kusema kweli inayomuuma.

Walikutana ukumbini baada ya kipindi.

"Programu mtaifanyaje?"

"Watasoma wenyewe kwa zamu. Wanaotaka tu, na wazazi wao wataombwa kwanza."

"Zile nakala. Umefuta kweli?"

"Nimefuta."

"Siwezi kujua."

"Huwezi," alisema Fundi. Hakuapa, na Profesa alishukuru kwamba hakuapa. "Naomba nikupigie jioni."

"Piga. Kama nitapokea, sijaamua."

Saa moja simu iliita. Aliitazama mpaka ikakaribia kukatika, akaipokea, akaiweka sikioni. Upande wa pili Fundi alianza kuzungumza, akakwama, akaanza tena. Profesa alimwacha aongee muda mrefu kabla hajampa neno la kwanza.